Daktari wa Panya na Mtu Aliyemshtaki

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani, na ninyi mliotoka kwenye taasisi aliyoifanyia kazi, poleni sana na asanteni kwa kuwa nasi, mimi ni mdogo wake marehemu, ninayemfuata kwa kuzaliwa, na familia imenipa jukumu la kuwasomea maisha yake, ingawa wengi mnajua kwamba nilikuwa mkaguzi wa mizigo forodhani kwa zaidi ya miaka thelathini, wenzangu wakanibandika jina la Fungua kwa kuwa hilo ndilo neno nililomwambia kila msafiri, awe bibi harusi, awe mchungaji, awe mkubwa wangu wa kazi, na hadi leo sanduku lililofungwa vizuri mno linaninyima raha. Kwa hiyo msitegemee kusikia historia iliyopigwa pasi.

Hiyo iliyopigwa pasi ipo, imeandaliwa na shangazi yetu akisaidiwa na wajomba, ni ukurasa mmoja tu, hauna kosa hata moja, na unaruka kutoka mwaka 2011 hadi mwaka 2016 kana kwamba dada yangu alikuwa amelala usingizi, na nilipouliza miaka hiyo imekwenda wapi nikajibiwa, yaliyopita si ndwele, wewe soma tu baba, watu wamechoka. Mtu akiniharakisha namna hiyo ndipo ninapovua miwani nikaifuta taratibu. Shangazi, ukurasa wako ninao mfukoni na ninauheshimu, ila nitakaousoma ni huu wangu.

Cheti cha marehemu kinasema alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Machi 1958, lakini Mama, ambaye yuko hapa mbele yetu, anasema ilikuwa Jumatano tarehe 12, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, na mimi, kati ya karani ambaye hakuwepo na Mama ambaye alikuwepo, namwamini Mama, hivyo msalaba mliouandika tarehe 14 naomba urekebishwe. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wawili, Mama akiwa fundi cherehani na Baba mpiga chapa, mtu aliyerudi nyumbani kucha zikiwa nyeusi kwa wino, na nyumba yetu ilikuwa na mabaki ya vitambaa upande mmoja na mabaki ya karatasi upande wa pili, sisi watoto tukilala katikati.

Alianza darasa la kwanza Januari 1965, akamaliza la saba mwaka 1971 akiwa wa pili, na wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu mkuu, jambo ambalo sitalisemea leo. Ni katika darasa la sita, mwaka 1970, ndipo mwalimu wa sayansi alipowafundisha kwamba ubongo ukishakomaa haubadiliki tena, ukiharibika umeharibika, na dada yangu akainua mkono akauliza, mbona Bibi yetu alipooza upande wa kulia mwaka jana, mwaka huu anafunga vifungo vya blauzi mwenyewe, kama ubongo haukarabatiki basi Bibi amejifunzia wapi, na mwalimu akamwambia akae chini. Alikaa chini, lakini swali hakulikalisha, na naweza kusema bila kupiga chuku kwamba maisha yake yote yaliyofuata yalikuwa ni kuendelea kumuuliza yule mwalimu.

Alisoma sekondari kuanzia 1972 hadi 1977, akapata shahada ya kwanza ya biolojia mwaka 1981, kisha akaenda nchi ya baridi kuanzia Septemba 1982 hadi Desemba 1986, akarudi na shahada ya udaktari, koti moja lisilofaa popote huku kwetu, na tabia ya kunywa chai bila sukari, ambayo Mama aliishuku kwa miaka mingi kwamba ni dalili ya ugonjwa. Jumatatu tarehe 2 Februari 1987 aliajiriwa na taasisi ya utafiti, akapewa chumba cha chini, kisicho na dirisha, chenye vizimba vya panya weupe kuanzia sakafuni hadi darini, na watoto wa mtaa wetu walipojua anachokifanya wakamwita Daktari wa Panya, jina ambalo alilipenda kuliko lile la kwenye kadi yake.

Alifanya nini na hao panya, wengi mmekuwa mkinong'ona bila kuuliza, na wengine mlisema wazi kwamba mtu mwenye akili zake hawezi kukaa na panya miaka yote hiyo bila kuwa na jambo jingine. Alinieleza jikoni kwa Mama, akitumia tawi la mti wa uani, kwamba chembe za ubongo zina matawi, na kwamba chini ya ubongo inaning'inia tezi ndogo kama punje ya njegere, ambayo mtu akiingiwa na hofu hupiga mbiu mwilini, homoni zikamwagika, moyo ukaenda mbio, na hilo ni jema kama kuna hatari ya kweli, lakini mbiu ikipigwa kila siku bila kunyamaza, yale matawi upande wa kumbukumbu hunyauka, na alichotaka kujua ni kama yanaweza kuchipua tena na ni nini kinachoyachipusha. Kisha akanitazama akasema, wewe ndugu yangu tezi yako inapiga mbiu hata kwa mtu aliyebeba mkate. Nilimjibu kwamba nimewahi kukuta vitu ndani ya mkate.

Mwaka huohuo wa 1987 lifti ya taasisi ilikwama akiwa ndani, akatolewa na fundi wa lifti, na fundi huyo akamwoa Jumamosi tarehe 3 Desemba 1988, naye ndiye huyu shemeji yangu aliyeketi kulia kwa Mama. Nimemuuliza tangu siku ya harusi kama lifti ile ilikwama yenyewe au ilikwamishwa, na mpaka leo jibu lake ni kucheka. Shemeji, umemtunza dada yangu vizuri kiasi kwamba nilikuwa tayari kulifunga faili, lakini nalifunga bila kuridhika. Walijaliwa mabinti wawili, wa kwanza mwaka 1990, ambaye ni mwalimu wa hesabu, na wa pili mwaka 1994, ambaye ni muuguzi, nao wametuletea wajukuu wanne wanaokimbia huko nyuma na ambao naomba wasikemewe.

Sasa nafika kwenye ile miaka iliyorukwa, nanyi mlioanza kukohoa nawaomba mkohoe mmalize.

Mwezi Mei mwaka 2011 marehemu alitangaza katika jarida la kisayansi kwamba amepata dawa, ambayo ilikuwa na namba tu bila jina, na kwamba panya walioishi katika msongo wakapewa dawa hiyo tangu wakiwa vichanga, matawi ya ubongo wao yalichipua na mbiu ya ile tezi ikatulia, na habari hiyo ilisomwa redioni, Mama akaisikia akiwa kwenye cherehani, akazima mashine, akaenda nyumba hadi nyumba kuwaambia majirani. Mwaka uliofuata Baba alianza kusahau, kwanza funguo, halafu njia ya kurudi nyumbani, halafu majina yetu, na Mama hakutikisika hata kidogo, alisema mbele ya kila mtu, mwanangu anatengeneza dawa, mzee wangu atapona. Dada yangu alimweleza mara nyingi kwamba dawa hiyo ni ya panya, kwamba kutoka kwa panya hadi kwa mtu ni safari ndefu, lakini mwambie mama anayeona mumewe akipotea huku amekaa kwenye kiti, uone kama atakusikia.

Mwaka 2014 taasisi ilihamia jengo jipya, na mwanafunzi wa marehemu, binti aliyelelewa naye kitaaluma tangu akiwa mdogo, aliyekula kwetu, aliyelala kwetu, aliyemwita Mama yetu Bibi, akapewa kazi ya kurudia jaribio lile upya, na jaribio likagoma, panya waliopewa dawa na wasiopewa wakanyauka sawasawa. Machi 2015 ikaundwa kamati ya kumchunguza dada yangu kama alipika majibu. Hakuna aliyeambiwa nani alipeleka mashtaka, kwa kuwa taratibu za taasisi zinaficha jina la mshtaki, na ninyi nyote mnajua tulivyofanya, jina likafichwa lakini macho yetu yakamwangukia yule binti, tukasema kikulacho ki nguoni mwako, tukasema amemla aliyemlisha.

Kamati ilimaliza kazi tarehe 22 Januari 2016, ikasema hakukuwa na udanganyifu ila kosa, na makala ikaondolewa. Ninawaeleza kosa lenyewe, maana hapa mtaani limesimuliwa kwa namna nyingi na zote si kweli. Kipimo cha dawa kilitegemea uzito wa panya, kwa hiyo katika kile chumba cha chini marehemu aliwachukua vichanga wa kundi la dawa kila asubuhi, mmoja mmoja, akawapakata kiganjani, akawapima, akawarudisha kwa mama yao, lakini kundi lisilopewa dawa halikuhitaji kipimo, hivyo waliguswa mara moja tu kwa wiki, na katika jengo jipya mizani ilikuwa imejengwa ndani ya sakafu ya vizimba, hakuna kichanga aliyeguswa na mtu. Dawa haikufanya lolote, ndugu zangu. Kilichofanya kazi ni kule kupakatwa, na yeye hakuwahi hata kuandika jambo hilo, kwa sababu hakuna mtu anayeandika kwamba alimshika panya ili ampime.

Mama aliposikia dawa imekufa alilia siku hiyo mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya binti yake na mara ya pili kwa ajili ya Baba. Baba alifariki tarehe 9 Julai 2018 bila kumjua yeyote kati yetu, na yule binti alipokuja msibani, akiwa amevaa vizuri, amebeba pole yake, Mama alisimama mbele ya umati akamwambia, wewe ndiye uliyeniulia mume wangu, toka. Alitoka, hakujibu neno, na tangu siku hiyo hakuna mtu wa familia hii aliyemsalimia, harusi yake hatukwenda, mtoto wake hatumjui. Hata mwaka 2019 marehemu alipotoa utafiti wake mkubwa kuliko yote, ule unaoonyesha kwamba kiumbe anayepakatwa utotoni tezi yake hujifunza kunyamaza mapema na ubongo wake hubaki na uwezo wa kuchipua hadi uzeeni, sisi tulichokiona ni kwamba jina la yule binti lilikuwa limetangulia lake kwenye orodha ya waandishi, tukasema, mnaona, amemnyang'anya na hiki.

Mimi nilikuwa na shaka yangu ya pembeni. Kazini kwetu, abiria wote wakimnyooshea kidole mmoja kwamba ndiye mwenye mzigo wa magendo, mkaguzi mwenye akili huanza kuwaangalia hao wanaonyoosha, na hapa kila mtu alikuwa na hakika na hakuna aliyekuwa na ushahidi, tena yule binti mwenyewe alinyamaza kwa namna ambayo wenye hatia hawanyamazi, maana mwenye hatia huongea sana. Mwaka jana nilimfuata ofisini kwake, nikakaa bila kukaribishwa, nikamuuliza ana kwa ana kama ni yeye aliyemshtaki dada yangu, akanimiminia maji, akaniambia, Mjomba, muulize mwenyewe. Nikamuuliza dada yangu, akaniambia nisimsumbue mtoto wa watu, akabadili mazungumzo, na dada yangu hakuwa mtu wa kubadili mazungumzo.

Februari mwaka huu wa 2023 alianza kulalamika tumbo, vipimo vikaonyesha saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa, na mimi nilidai vipimo virudiwe hospitali ya pili, halafu ya tatu, nikamtaka daktari anionyeshe ndani ya mashine, na daktari yule, Mungu ambariki, aliniachia nikaingiza kichwa. Majibu hayakubadilika. Mabinti zake na shemeji walimuuguza nyumbani kwa zamu, nami nilipewa zamu ya mchana, baada ya chakula, wakati mtaa umetulia.

Ilikuwa katika zamu hiyo, mwezi Juni, aliponiambia nifunge mlango na nikae karibu, akasema, yule mliyekuwa mnamtafuta ni mimi. Sikumwelewa, nikadhani ni dawa za maumivu zinaongea, akarudia, akasema yeye ndiye aliyegundua kosa la mizani, usiku wa wiki ileile mwanafunzi wake aliposhindwa kurudia jaribio, na kwamba aliona akilisahihisha kimyakimya watu watasema amejikosha, kwa hiyo alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa taasisi akaomba ashtakiwe, akaandikisha shtaka kwa jina lake, dhidi ya jina lake, na akamwapisha mwanafunzi wake asiseme. Nikamuuliza, kwa nini hukutuambia, akanijibu huku machozi yanatoka, Mama alikuwa anaisubiri ile dawa kwa ajili ya Baba, ningemwambiaje kwamba aliyeiua ni mimi, kamati sikuiogopa, nilimwogopa Mama. Akasema alitegemea hasira ya Mama ingepoa baada ya msiba, haikupoa, na kila mwaka uliopita maneno yakawa mazito zaidi mdomoni. Kisha akasema, wewe ungeweza kuwa mtafiti, ila wewe unashuku watu, mimi nilijifunza kujishuku mwenyewe, halafu mahali palipohitaji ujasiri mdogo tu nikashindwa, nikamwacha mtoto wa watu abebe. Akaniomba nikamwambie Mama yeye akishaondoka, nikamkasirikia, namwambia Mungu na ninawaambia ninyi kwamba nilimkasirikia mgonjwa, na bado nimemkasirikia leo akiwa mbele yangu, nampenda na nimemkasirikia.

Hata hivyo sikumwamini moja kwa moja, kwa kuwa mtu anayekufa anaweza kumfichia mwingine kosa, hivyo nilimtafuta mwenyekiti wa ile kamati, ambaye ni mstaafu sasa na yupo hapa chini ya turubai, nikamweleza nilichoambiwa, akanijibu kwamba kwa kuwa marehemu mwenyewe alishasema, yeye hana cha kuficha tena, na kwamba katika miaka yake yote ya utumishi hakuwahi kuona mtu mwingine akija kujishtaki. Ndipo nikaamini.

Marehemu alifariki dunia Jumapili iliyopita, tarehe 8 Oktoba 2023, mchana, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, shemeji akiwa amemshika upande mmoja na mabinti zake upande mwingine. Jumanne nilimwendea Mama chumbani, nikamweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi, na Mama akaomba chai, hakuinywa, akaniuliza kama shangazi anajua, nikamwambia hajui, akasema, basi wasomee wote, tulimsema hadharani, hatuwezi kumsafisha chumbani.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali zote tatu, ambao nilikuwa sijawatendea haki, nawashukuru majirani waliopika, waliofua, na waliotuazima viti, nawashukuru wafanyakazi wenzake wa taasisi, ambao siku zote nilidhani mnanificha jambo, na kumbe kweli mlinificha, lakini lilikuwa lake, nawashukuru wakwe, wapwa, na Shangazi, ambaye naona ananitazama vibaya, tutazungumza tukifika nyumbani. Na wewe mwanafunzi wake, ambaye nakuona umesimama kule nyuma ya magari kama mtu asiyealikwa, familia hii ilikuonea, ikakutukana msibani, ikakufungia mlango, nawe ulijua ukweli wote huo na hukuutumia kujitetea hata siku tuliyomzika Baba, kwa hiyo kukuambia asante tu ingekuwa dharau.

Kwa kawaida mahali hapa msomaji husema neno la mwisho kwa marehemu kisha akashuka, lakini Mama ameniagiza nisilitamke mpaka huyo binti aje akae naye, upande wa kushoto, palipo na mabinti wa marehemu, na nimemwahidi. Wajomba, pisheni njia. Shangazi, sogea kidogo. Njoo, binti, usione aibu, aibu ni yetu, tutakusubiri, na dada yangu aliyelala hapa naye atasubiri, maana leo hawezi tena kukuambia unyamaze.

Njoo tu.

Haya, amekaa. Dada, sasa unaweza kupumzika kwa amani.